Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa: Ufa wa Mwalimu bado tunaukandika

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma,

Mbukwa!

Machi 1995, miaka karibu kumi tangu ang'atuke urais, Mwalimu Nyerere aliongea na waandishi wa habari pale Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam. Alisema nyumba ikipigwa na tetemeko ndipo nyufa zake zinaonekana, akazitaja za nchi: Muungano kutikiswa, Katiba kupuuzwa, rushwa, ukabila, udini. Sisi wa Dodoma mfano huo haututatizi, maana tetemeko tunalijua. Tembe la babu yangu lilipata ufa kwenye kona ya upande wa zizi. Kila mvua zikiisha bibi alikandika udongo, akalainisha kwa kiganja, ukapendeza kabisa. Mwaka unaofuata ufa uko palepale. Ulikoma siku babu alipoibomoa kona yote.

Ufa ninaouleta kwako ni rushwa, tena ile ndogo. Nilikuwa nafuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba katika ofisi moja, jina nalihifadhi. Faili halionekani, njoo Jumatatu. Jumatatu mhusika yuko semina. Safari ya sita kijana alinifuata nje, chini ya mwarobaini, akanong'ona kwa adabu zote: "Mzee, faili lina kiu." Nikatoa elfu hamsini. Likapatikana kabla sijamaliza chupa ya maji. Najua, nami nimekosa.

Mwalimu alipenda kukumbusha enzi ambapo mla rushwa alichapwa viboko 12 akiingia jela na 12 akitoka, akamwonyeshe mkewe. Viboko sikuombi. Naomba ubao mlangoni pa kila ofisi ya ardhi mkoani: namba ya faili, limepokelewa lini, liko meza ya nani, ada halali ni kiasi gani. Basi. Mji huu Mwalimu na wenzake waliuamua kuwa makao makuu mwaka 1973. Leo Serikali imehamia kweli, kiwanja kimekuwa dhahabu, na mzee asiyejua kusoma ndiye anayezungushwa zaidi.

Ukipata nafasi, njoo Jumatatu moja saa tatu asubuhi, bila msafara, ukae nasi kwenye benchi. Faili la jirani yangu bado halionekani.

Wako,
Mkulima wa karanga, Chamwino