Zuhura, nisaidie nyonga

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Tanga hawajambo? Huku wazima, joto tu. Umenyamaza mno, au bado umenuna kwa yale ya Mwanaidi? Wale walishapatana zamani, wewe tu umebaki na kinyongo.

Nina shida ya kifundi. Idrisa amewaahidi wenzake kwamba siku ya wazazi atapeleka shuleni Zeta Gundam, lile roboti la katuni ya Kijapani, la maboksi. Tena si la kushika mkononi. Lile la kwenye katuni lina karibu mita 20, yeye anataka moja ya kumi yake. Mita 2, shoga! Refu kuliko Chande. Na eti lazima ligeuke ndege.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Chande kasema ligeuke la nini, angani hakuna hewa, mabawa ni urembo tu. Sebule nzima ikacheka. Mimi nilikuwa jikoni, nikameza. Lakini hajui kitu yule! Kabla ya Zeta, maroboti mengi yaliyotoka angani kushuka duniani yalijikinga na ule moto wa kugonga hewa kwa mfuko mkubwa wa kujazwa, na humo unashuka tu, huna pa kukwepea. Unamkumbuka Kacricon, yule rubani? Mfuko ukaharibika, akaungua. Zeta lenyewe linajikunja: kichwa kinazama kifuani, miguu inarudi nyuma, ngao inakuja mbele inakuwa pua na tumbo. Likikutana na hewa linaserereka juu yake, ndiyo maana umbo lile likaitwa Waverider. Na kule kusiko na hewa, injini zote zinasukuma upande mmoja, linakimbia kweli kweli. Mwambie wewe Chande, mimi hanisikii.

Mimi ngao ile ndiyo inayoniua. Vitani inazuia mapigo, kwenye kushuka inapokea moto. Kitu kimoja! Na Kamille, kijana yule yule anayelirusha, alikuwa na mkono kwenye mchoro wake kabla kampuni ya Anaheim haijawaundia AEUG, lile kundi lao la waasi, hilo moja la majaribio. Ndiyo maana Idrisa haambiliki: mwenzake alichora la vita, yeye ashindwe na maboksi? Maboksi yenyewe ya friji, tumeyaokota Kariakoo, nusu yameloa mvua.

Sasa nyonga. Miguu ikikunjwa tu, boksi linachanika palepale. Gundi imeshindwa. Bawaba za kabati nzito, zinalivuta dude zima chini. Nikawaza vipande vya ndala, halafu nikaona... basi tu.

Na Chande, tena huyo huyo, kauliza litafikaje shuleni. Likisimama bajaji haliingii. Likijikunja linaingia! Kwa hiyo hata Mbagala kugeuka kuna kazi, ila hilo sijamwambia, namwekea mbele ya wageni.

Wewe uliyesoma VETA, nyonga ungeifunga na nini? Boliti na wosha, au kamba ipite ndani? Boksi nilikunje mara mbili? Ngao nikiikata kwenye plywood, kifua kitaibeba? Unakuja lini, kabla ya siku ya wazazi au ndiyo mpaka harusi ya Salma? Na ule msumeno wangu mdogo, si uko kwako?

Wako,
Mwajuma