Shangazi, kabla hujaukubali mgongo kutiwa saruji

Shikamoo Shangazi.

Nimesikia kikao kimekwisha na wanao wanachangishana nauli ya India, ili ile pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea ulipoinua ndoo ijazwe saruji. Nakuandikia hadharani kwa sababu kina mama wengi wa Sengerema na Mwanza wanaambiwa habari hiyohiyo, tena upande mmoja tu: sindano, kisha unaamka unatembea.

Saruji hiyo si ya kujengea nyumba; ni unga na kimiminika vinavyochanganywa palepale chumba cha upasuaji. Vikikutana vinapata moto, kisha vinaganda. Daktari anaisukuma kwa sindano nene huku akitazama picha za eksirei kwenye skrini. Akiisukuma ingali nyepesi kama uji, hupenya kwenye nyufa za mfupa na kwenye vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni. Kuvuja si jambo la ajabu, na mara nyingi mgonjwa hahisi chochote. Hatari inategemea imeelekea wapi. Ikiingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo hubana mishipa ya fahamu: miguu inakufa ganzi au kulegea, mkojo unagoma au unajitokea wenyewe, na hapo ni kurudishwa upasuaji haraka. Ikiingia kwenye vena, vipande vyake vinaweza kufika mapafuni, mtu akakosa pumzi. Haya makubwa ni nadra, ila mgonjwa anastahili kuyasikia kabla ya kuweka sahihi.

Halafu kuna swali ambalo kwenye kikao naona halikuulizwa: je, inasaidia? Wafaransa walipoianza mwaka 1984 kule Amiens, mgonjwa wao alikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu kwenye mfupa wa shingo, si mifupa iliyochoka kwa umri. Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili zilizowalinganisha waliotiwa saruji na waliofanyiwa maigizo ya upasuaji, ganzi tu bila saruji. Nafuu ikalingana. Madaktari wanabishana mpaka leo; wapo wanaosema inawafaa wenye maumivu makali ambao mfupa umevunjika karibuni. Wewe uliinua ile ndoo lini? Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu na kujikongoja taratibu.

Kubwa kwangu ni hili. Huku kwetu pingili hubonyea pia kwa kifua kikuu cha mgongo, na saratani nayo hufanya hivyohivyo. Penye maambukizi saruji haitiwi kabisa. Umekonda, na homa za jioni ulizitaja mwenyewe kwenye simu, ukasema ni malaria. Ya malaria yapimwe, lakini na mgongo upimwe kifua kikuu kwanza.

Hata ukiwa ni udhaifu wa mifupa tu, saruji inashika pingili moja. Za jirani zinabaki dhaifu vilevile na zinaweza kuvunjika, kwa hiyo dawa za kuimarisha mifupa utazihitaji kwa vyovyote.

Basi njoo hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, kabla ya India. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena foleni ya kivuko. Panda gari, bodaboda hapana. Beba picha zote, na ile ya MRI (inayopigwa kwa sumaku) kama ipo, maana ndiyo huonyesha kama mfupa umevunjika karibuni au zamani. Na yule jirani anayekukanda mgongo kwa mafuta, mwambie apumzike kwanza.