Barua kwa Dada: Rehani Imekwisha

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo nyingi kwa mama, na ukipata nafasi msomee barua hii taratibu. Shemeji msalimie sana. Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, watoto wazima, wanawaulizia kila siku.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukueleza jambo ambalo kwenye simu nimeshindwa kulisema kwa utulivu. Tumemaliza deni la nyumba. Juzi Jumanne nililipa rejesho la mwisho, na huu ni mwaka wa 15 tangu tuingie humu. Mkataba ulisema miaka 30.

Najua utauliza, deni gani tena? Siku ile nilipowatumia picha tumesimama mlangoni na ufunguo, mlipiga vigelegele mkasema mdogo wetu kapata nyumba. Sikuwasahihisha. Nyumba tulikuwa tumeiweka rehani benki kabla hatujalala humo hata usiku mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi ndiye niliyewaficha uzito wake. Uliponiuliza, mbona nyumba unayo na bado unatuma kidogo, nilinyamaza kwa sababu kila jibu lilikuwa linanivunjia heshima. Nimekaa na swali lako miaka yote hii. Leo nakujibu, tena kwa kirefu, maana nasikia shemeji naye anataka kukopa.

Miaka 4 ya kwanza tulilipa kama tulivyoambiwa, hatukukosa hata mwezi mmoja. Nilijiona mwaminifu. Ndipo usiku mmoja nikaketi na taarifa ya mkopo, nikaisoma mstari kwa mstari kwa mara ya kwanza. Ina safu mbili: moja ya riba, nyingine ya kiasi kinachopunguza deni lenyewe. Nikadhani nimekosea kusoma.

Nakupa hesabu ya kila 100,000 ya mkopo, ili shemeji aipige kwa fedha yoyote atakayokopa. Wetu ulikuwa wa miaka 30 kwa riba ya 6% kwa mwaka. Rejesho la mwezi linakuwa kama 600. Katika mwezi wa kwanza, 500 ni riba. Inayopunguza deni ni 100, tena haifiki kamili. Baada ya miaka 4 umeshatoa karibu 28,800, lakini deni limepungua kwa 5,400 hivi. Hapo hakuna aliyeiba kitu, Dada. Riba hutozwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote. Kadiri linavyopungua, riba nayo inashuka, na fungu linalokwenda kwenye deni linanenepa. Ila linanenepa polepole mno. Kwa ratiba ile, nusu ya deni inafikiwa mwaka wa 21.

Nikageuza hesabu upande wa pili. Mtu akiongeza 100 nyingine kila mwezi tangu mwanzo, yaani kama kile kile kinachopunguza deni mwezi wa kwanza, basi mwaka huo huo wa 21, mwenzake akiwa ndio anafika nusu, yeye anakuwa amemaliza kabisa. Riba anayookoa inakaribia 40,000 kwa kila 100,000 aliyokopa. Nilirudia mara tatu nikipata jibu lile lile. Nikaenda kumwamsha wifi yako.

Alisoma, akaniuliza swali moja tu: hiyo ya kuongeza itatoka wapi? Mshahara ulikuwa ule ule. Nikamwambia sijui. Akainuka kitandani, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye kile chumba cha nyuma.

Chumba hicho hamjawahi kukiona kwenye picha yoyote. Tulikiita chumba cha mizigo ya nyumbani. Kila nilipoona kitu kwenye punguzo la bei nilisema hiki cha mama, hiki cha Dada, hiki cha watoto, nikakirundika humo nikisubiri nipate nafasi ya kusafirisha. Mashuka yaliyofungwa kwenye nailoni. Redio mbili. Mikoba. Makoti ambayo hakuna mtu kwetu angeyavaa. Na yetu wenyewe humo humo: mashine ya mazoezi iliyotundikwa nguo, vyombo vya kupikia tulivyotumia mara moja, makorokoro ya kila namna. Mlango ulikuwa unafunguka nusu tu, inabidi uingie kiupandeupande.

Wifi yako akavuta boksi moja la chini. Ndani kulikuwa na jozi ya viatu vya mpwa wangu, vyekundu, kamba zake bado zimefungwa pamoja na kale kauzi ka dukani, karatasi laini imejazwa ndani visibonyee. Nilivinunua alipokuwa na miaka 5. Vilihama na sisi kutoka nyumba ya kupanga hadi hapa bila kufunguliwa. Usiku ule nilipovishika, mpwa wangu alikuwa na miaka 11. Nilikiweka kimoja juu ya kiganja changu na kikakaa chote.

Dada, nililia. Miaka 6 nilikuwa najiambia nawakumbuka ninyi, kumbe nilikuwa nanunua tu. Kile kiatu hakikumfikia mtoto, wala fedha yake haikuwafikia ninyi, wala haikupunguza deni. Na chumba chenyewe kilikuwa nacho kinalipiwa riba kila mwezi, sawasawa na chumba tunacholala. Tulikuwa tumekopa ili makorokoro yapate pa kulala.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, na ndiyo maana siwezi kukusimulia habari ya deni bila kukusimulia ya vitu. Kwetu yalikuwa jambo moja.

Kukimaliza kile chumba kulituchukua miezi 5, kwa sababu tulikubaliana kufanya boksi moja tu kila Jumapili jioni. Kila boksi lilikuwa na fedha yangu ndani na jina la mtu ninayempenda, na kutupa kitu chenye jina la mama si kazi rahisi. Vilivyofaa tuliuza, na hapa nikuambie ukweli: vitu vya namna hiyo haviuziki kwa bei ya maana. Ulichonunua kwa 10 unapata 1, ukibahatika 2. Vingi tuligawa. Fedha iliyopatikana, hata iwe ndogo kiasi gani, ilikwenda kwenye deni usiku ule ule kabla haijapata jina jingine. Viatu vile alipewa mtoto wa jirani, akavivaa palepale mlangoni.

Chumba kilipobaki kitupu tulikipaka rangi, tukaiomba benki ruhusa kwa kuwa mkataba uliitaka, tukampangisha kijana mmoja mwanafunzi. Kodi yake yote, tangu mwezi wa kwanza, haikupita mikononi mwetu. Ilikwenda kupunguza deni. Kwa hiyo ukiuliza nani alilipa nyumba hii mapema, jibu ni kile chumba.

Kuhusu tabia, nilikuwa na haraka. Nilisikia kila mahali kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Siku 21 zikapita, mkono wangu bado unafungua simu kutafuta punguzo la bei. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa University College London, uliochapishwa 2009, ambamo watafiti walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijifunza tabia mpya za kila siku. Wastani wa kufika mahali ambapo jambo linafanyika bila kujilazimisha ulikuwa siku 66. Kuna aliyechukua 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji hadi 254. Kilichonipa nguvu zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Mimi nilikuwa mtu wa kuvunja ahadi Jumatano, kisha najilaumu na kuacha kila kitu hadi mwezi ujao. Nikajifunza kuamka Alhamisi na kuendelea.

Tabia tulizishika tatu tu. Ya kwanza, siku ya mshahara benki yenyewe inahamisha ziada kwenda kwenye mkopo asubuhi, kabla sijaamka. Sikutaka kujadiliana na mkono wangu kila mwezi. Ya pili, kitu tunachokitaka kinaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa jokofuni, pamoja na tarehe, na hakinunuliwi mpaka zipite siku 30. Hebu fikiria, zaidi ya nusu tulivikata wenyewe kwa kalamu, vingine hatukukumbuka hata tuliviandika kwa nini. Ya tatu ni ile Jumapili ya boksi, ambayo sasa imekuwa ya droo moja au rafu moja, na watoto wanaishindania.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka wa pili wa kubana nilikuwa nimelewa hesabu. Kila kilichopatikana nilikitia kwenye deni, sikubakiza akiba. Ndipo ukanipigia usiku kwamba mama amelazwa na fedha inatakiwa asubuhi. Sikuwa nayo, Dada. Nilikuwa nimelipa nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini yote ilikuwa imeshaingia ukutani, na fedha ikishaingia ukutani haitoki kwa kuibembeleza. Niliazima kwa kadi ya mkopo, yenye riba kubwa mara kadhaa kuliko ya nyumba, nikakutumia kidogo, tena nikachelewa siku 3. Uliuza cherehani yako. Hukuwahi kuniambia, mama ndiye aliyeniambia, mwaka uliofuata. Naomba unisamehe. Nimeomba msamaha moyoni mara nyingi, leo nauomba kwa maandishi.

Kwa hiyo, shemeji akitaka kulipa mapema, aanze kwa kufuta madeni yenye riba kali, kisha aweke akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6 mahali anapoweza kuifikia siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo aiongezee nyumba. Sisi tulisimamisha ziada karibu mwaka mzima kuijenga akiba hiyo, na sijutii hata mwezi mmoja wa kuchelewa.

Kuna watakaomwambia kwamba kama riba ya mkopo ni ndogo kuliko faida anayoweza kupata akiwekeza, heri awekeze. Kwa hesabu wana hoja. Lakini faida ya kuwekeza inaweza isije, na riba inakuja kila mwezi. Nilimtazama wifi yako anavyolala, nikachagua deni.

Jambo jingine alishike sana. Aulize kabla ya kusaini kama kuna faini ya kulipa mapema, maana mikataba mingine inayo. Na akianza kulipa ziada, aandike wazi kwamba ziada hiyo ipunguze deni la msingi, yaani ile fedha aliyokopa yenyewe. Sisi kwa miezi 8 benki ilikuwa inaihesabu ziada yetu kama malipo ya awali ya rejesho la mwezi unaofuata. Deni halikusogea inavyopaswa, riba ikaendelea kama kawaida. Niligundua kwa sababu nilikuwa nimeshajizoeza kusoma ile safu ya pili kila mwezi. Nikaandika barua, wakarekebisha, lakini kama nisingesoma wasingeniambia.

Hata hiyo Jumanne ya mwisho haikuwa ya moja kwa moja. Nililipa salio kama lilivyokuwa kwenye taarifa, nikaambiwa bado, kwa kuwa riba huhesabiwa kila siku na siku 9 zilikuwa zimepita tangu taarifa itoke. Nikaongeza kiasi kidogo, mkopo ukafungwa palepale. Kilichobaki ni hati ya kufuta rehani kwenye daftari la ardhi. Nitaifuatilia mpaka niione kwa macho.

Mama alizoea kusema dawa ya deni ni kulipa. Mwambie nimelipa la benki. Lenu ndilo naanza. Fedha iliyokuwa inakwenda benki kila mwezi, tumekubaliana na wifi yako kwamba mwaka huu nusu yake itakuja kwako, ikae kwa jina lako iwe akiba ya mama. Uitumie akihitaji, bila kunipigia kwanza wala kunisubiri. Ya cherehani naituma peke yake wiki hii.

Na nakuja, Dada. Tiketi tumeshakata, likizo ya watoto ikianza tupo njiani. Usiniandikie orodha ya vitu, na tafadhali usiniambie nisije mikono mitupu. Nitakuja na begi moja. Ila mwambie mpwa wangu akanyage karatasi, auzungushie mguu wake kalamu, anitumie picha pamoja na urefu wake kwa sentimita. Najua sasa ana miaka 22 na pengine atanicheka. Nataka kumnunulia jozi moja ya viatu, na safari hii nimvishe mwenyewe.

Nawabusu wote. Ndimi mdogo wako,

Mjomba wa watoto