Bado nipo darasa la kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, nikiwa nimesimama chini ya ule mbuyu wa kwa mwenyekiti, ndipo mtandao unaposhika. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Unasema nimestaafu, nipande treni ya umeme nije Dar nipumzike, niache kufundisha bure kazi ambayo serikali inapaswa kuajiri watu waifanye. Hilo la serikali tuliweke kiporo. Kwanza nikueleze siku yangu inavyokwenda, maana nahisi unadhani naenda pale kupiga soga.

Nimepewa darasa la kwanza. Hakuna aliyeligombea. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamefurika, jambo jema kabisa, ila walimu hawakuongezeka hivyo, na wanangu wengi wanakaa chini. Asubuhi wakubwa wanashika namba, wanafagia, wengine wamebeba vidumu vya maji ya uji. Rimu ya gari ikigongwa, mstarini, kisha ndani.

Wengi wanaanza shule Kiswahili wamekisikia redioni tu, nyumbani ni Kigogo mwanzo mwisho. Mwalimu kijana tuliye naye, mtu wa Kagera, alidhani hawaelewi. Mimi nikiingia nawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" darasa linalipuka kwa furaha, halafu ndiyo tunaanza a, e, i, o, u. Mkaguzi akinikuta atasema lake. Mtoto anayeogopa kufungua mdomo utamfundishaje kusoma?

Hesabu tunatumia mbegu za ubuyu. Tatizo ni kwamba wanazimumunya kwanza. Nikitoa kumi zinarudi kumi, safi kama zimeoshwa. Niligombana nao mwanzoni, kisha nikaelewa kuwa kwa baadhi yao ndicho kifungua kinywa, basi nikanyamaza. Uji unategemea nafaka wanazochanga wazazi, na mahindi yakiisha stoo huhitaji kuuliza. Unaona kwenye daftari la mahudhurio.

Sasa hivi adui yetu ni ndege. Uwele na mtama vinakomaa, na kwelea kwelea wanashuka kama wingu. Wizara hutuma ndege ya kunyunyizia dawa, lakini haiwezi kufika kwenye kila kishamba cha kila bibi, kwa hiyo watoto ndio wanaoamia, kufukuza ndege shambani. Naita jina, wenzake wanajibu kwa pamoja, "Yuko shamba, mwalimu!" Kwenye kikao wenzangu walitaka wazazi waitwe ofisini wapewe onyo. Nilikataa, tena kwa sauti. Familia ikipoteza uwele wote mwezi huu, mwezi wa kumi huyo mtoto humwoni kabisa, na onyo lako halitamlisha. Kelele za ndege ni asubuhi na jioni. Jua likiwaka hasa, wao hujificha mitini wakapoa. Saa hizo, nikishamaliza darasani, najifunga kanga yangu kichwani nawapitia walioko karibu na barabara ya Mvumi. Wanateremka kwenye dungu, kombeo shingoni, tunaandika silabi mchangani kwa kijiti. Juzi mmoja ameandika jina la mbuzi wake kabla hajajua kuandika la kwake. Nimempa vema.

Haya, kile kiporo. Unaposema wanaojitolea wanaifanya serikali ijisahau, sikubishii. Huyu kijana wa Kagera ana stashahada yake, kila nafasi zikitangazwa anaomba, na anachoishia kupata ni posho ya michango ya wazazi, ambayo huja mavuno yakija. Jioni anakula ugali na mlenda kwangu; mlenda ulimshinda wiki za mwanzo, siku hizi anaongeza. Mimi nina pensheni, na kiinua mgongo kiliezeka hii nyumba. Kwangu kujitolea ni hiari. Kwake ni foleni. Watu wakitusifu sote wawili kwa pamoja kwenye mkutano wa kijiji huwa nachukia.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na kijana aliyeishia darasa la saba. Ilikuwa enzi za UPE, ile Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977 na walimu hawakuwepo. Walidharauliwa sana wale vijana. Lakini walifundishwa kazi huku wakifundisha, na mbele yao waliona ajira. Huyu wa kwangu ana elimu kuwazidi, na mbele haoni kitu. Hapo ndipo ningependa hasira zako ziende, si kwangu.

Kwa hiyo Dar nitakuja, ila shule zikifungwa Juni, na nitarudi kabla hazijafunguliwa. Usinikatie tiketi ya kwenda tu. Zile hela ulizotaka kunitumia za "kupumzikia", mtumie huyu kijana, namba yake nitakupa. Mwambie ni ya nauli ya kwenda kwenye usaili, akijua ni msaada atakataa. Mimi niletee miwani ya kusomea, hii mguu mmoja nimeufunga kwa uzi, na katoni ya chaki, za rangi zikiwepo.

Nisalimie mkwe wangu na wajukuu. Mwambie yule mdogo kuwa shangazi yake amechinja jogoo wake, asinililie mimi.

Ni mimi mama yako.