Basi la Dabi ya Mashemeji

Ndugu zangu, salamu. Basi la kwenda kutazama Dabi ya Mashemeji, mechi ya soka ya Gor Mahia na AFC Leopards, litaondoka Kondele, Kisumu, Jumamosi saa tatu kamili usiku, tufike Nairobi kabla ya mapambazuko. Vimebaki viti viwili. Asiyemaliza nauli kufikia Alhamisi jioni, kiti chake nitampa mwingine.

Mashabiki wa K'Ogalo (Gor Mahia) na wa Ingwe (AFC Leopards) tunapanda basi moja, kama kawaida yetu. Ingwe ilianza 1964, Gor 1968, na tumeoana mpaka jezi ya kijani na ya buluu zinaanikwa kamba moja. Safari iliyopita jiwe lilivunja dirisha, mtoto akakatwa mkono. Vipande vya kioo niliviokota mwenyewe kwenye shati lake. Nawasihi sana, asibebe mtu chupa wala kumtusi shemeji yake. Wazee na wenye watoto watakaa katikati, mbali na madirisha.