Mwalimu wangu, rafiki yangu

Mwalimu,

Shikamoo. Jana nilikuwa napangua kabati nikakutana na ile rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yangu. Karatasi zimegeuka manjano, ila penseli yako bado inasomeka vizuri, kwa bahati mbaya.

Nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba nomino zote za viumbe hai hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA, ile ya watu na wanyama, hata kama umbo lake ni la ngeli ya I-ZI. Ukapigia mstari sentensi nzima, na pambizoni ukaandika: "Nani kasema? Na 'rafiki yangu' je?" Basi, hukuongeza neno. Nilirudi chumbani nimenuna, nikijiambia huyu mzee ananitafuta. Siku tatu sikulala vizuri. Rafiki huyu, rafiki amekuja, rafiki mzuri. A-WA kila mahali, mpaka ufike kwenye kimilikishi, yaani "wangu" au "yangu". Mbuzi wangu, daktari wangu, lakini mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Na adui yangu pia (wiki ile nilijua hasa nani wa kumweka hapo). Sura yote niliijenga upya juu ya swali lako moja, na ndiyo sura pekee ambayo mpaka leo siionei haya.

Lakini asante ninayotaka kuitoa si ya hiyo. Ni ya siku ile, baada ya utetezi wa tasnifu, uliponisukumia makala yako mezani ukasema, "Isome, na usinionee huruma." Mkono ulinitetemeka. Ukurasa wa tatu nikaandika "Nani kasema?" Ulicheka mpaka ukavua miwani, kisha ukaifuta aya nzima mbele yangu.

Na ule mwaka nilioacha kuandika kabisa, ulinipigia simu kila Jumapili. Makala yangu hukuiulizia hata mara moja.

Tangu siku ile ya miwani unamalizia ujumbe wako kwa "rafiki yako", nami naendelea kukuita Mwalimu kama sijasoma. Ulimi mzito, nisamehe.

Rasimu ya kitabu chako nimefika ukurasa wa 84. Sura ya nne ina maneno mengi kuliko hoja. Nitakurudishia wiki ijayo, penseli nimeshaichonga.

Ni mimi,
Rafiki yako