Hija ya Namugongo si safari ya kuchota maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja inayorudi kila ifikapo mwezi Juni, kwamba Wakristo wanaokwenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wanapoteza nauli na siku za kazi kufuata kitu ambacho wangekipata katika kigango chao. Wasemao hivyo wana haki katika jambo moja: kwetu sisi hija si faradhi kama ilivyo kwa ndugu zetu Waislamu wenye uwezo, na asiyefika Namugongo hapungukiwi na Ukristo wake. Lakini sababu ya watu kwenda haionekani kwa kupiga hesabu ya nauli.

Sababu imo katika njia yenyewe. Mwishoni mwa Mei 1886, Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda alipowahukumu kifo vijana wa ikulu yake waliokataa kuikana imani, wengi wao hawakuuawa palepale Munyonyo walikohukumiwa. Walifungwa kamba wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo, na baadhi yao, kama Ponsiano Ngondwe, waliuawa kabla ya kufika. Waliobaki walikaa kifungoni karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa, mpaka walipochomwa moto tarehe 3 Juni, ambayo mwaka ule iliangukia sikukuu ya Kupaa Bwana. Kwa hiyo anayekwenda huko kwa miguu anaufuata mwendo wa mashahidi wale, na uchovu wake ni sehemu ya sala yake.

Mimi nilikwenda kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula, hivyo sina cha kujivunia. Usiku wa kuamkia sikukuu ya mashahidi nilipata nafasi chini ya turubai, jirani na mama mmoja wa makamo aliyetembea kutoka upande wa Masaka, ambaye alikuwa ameloweka miguu katika beseni la plastiki, malengelenge ya visigino yamepasuka, na kandambili zake amezifunga kwa kipande cha kitenge zisimvuke. Kwa Kiswahili cha kuokoteza alinieleza kwamba waliondoka nyumbani yeye na wifi yake wakiwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la migomba, na kwamba siku ya tatu, alipokuwa hawezi tena kunyanyua mguu, wifi huyo ndiye aliyemtua furushi akalibeba pamoja na la kwake. Walipofika walikwenda kuungama, kila mmoja kwa zamu yake, mwenzake akimsubiri. Sikumwuliza shamba limeishia wapi.

Ndiyo maana nasikitishwa na jinsi baadhi ya misafara yetu inavyoandaliwa. Sisi tulifikishwa usiku wa manane, na mara baada ya misa tukahimizwa kupanda basi; wengi hawakupata muda wa kitubio, ila hakuna aliyekosa muda wa kupiga picha mbele ya basilika wala wa kujaza dumu la maji ya ziwa dogo lililo hapohapo. (Dumu langu mwenyewe lilivuja njiani likalowesha matandiko ya abiria wa kiti cha mbele, na tangu siku hiyo nimepunguza maneno juu ya madumu ya wenzangu.) Sidharau maji hayo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyepewa muda mfupi tu atashika kile kinachoshikika.

Vilevile hatukupelekwa upande wa Waanglikana, penye kumbukumbu ya mashahidi wao, ingawa ni mwendo mfupi tu kutoka basilika. Mashahidi wanaokumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa katika mateso yaleyale, na wengi wao waliteketezwa pamoja siku hiyo ya Juni. Papa Paulo VI, alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, hakusahau kuwataja na hao wengine. Mkatoliki anayerudi kutoka Namugongo bila kujua habari hiyo amenyimwa nusu ya hija yake.

Kwa kuwa parokia nyingi huanza kuchangisha nauli mapema, nawaomba waandaaji watangaze ratiba pamoja na nauli hiyo: usiku wa pili wa kulala hukohuko, alasiri moja ya kuungama, na kilomita chache za mwisho kwa miguu kwa wale wanaoweza. Gharama ikiongezeka kwa ajili hiyo, tuambiwe tujipange.

Muumini, Bukoba